Mjomba, nivivae mlimani hivi viatu vya vidole?

Toleo lililopita nilidokeza, kwa sentensi moja tu, kwamba nikiwa kambini navaa viatu vya vidole: vile vinavyovaliwa mguuni kama glovu mkononi, kila kidole na chumba chake. Barua zilizomiminika zimezidi hata zile za hema linalovuja. Kuna walioniuliza kwa dhati, kuna walionicheka, na mmoja anataka kujua kama miguu yangu imeshakuwa ya chura. Haijawa. Ni miguu ya mzee wa miaka 58 aliyekuwa mpima ardhi, aliyetembea kazini miaka 26 na kifaa cha kupimia begani, na kucha za vidole gumba vyake viwili zilikufa zamani. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu ndiyo barua ambayo mimi mwenyewe ningeiandika miaka tisa iliyopita.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimenunua viatu vya vidole wiki iliyopita na nimevipenda mno. Nimevivaa nyumbani siku nne, sijasikia maumivu, ila misuli ya nyuma ya mguu imekaza kidogo. Baada ya wiki tatu tuna safari ya siku nne kwa miguu, njia ya milimani yenye mawe na mizizi, na shanta langu litakuwa na kilo 14 hivi. Nataka niziache buti nyumbani kabisa, niende na hivi tu. Rafiki yangu ninayekwenda naye anasema nitarudi nimebebwa. Mimi naona ni woga wake. Nani ana haki? (Mpenda Wepesi)

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Rafiki yako ana haki. Nenda na buti zako, na viatu vya vidole uvining'inize nje ya shanta uvivae jioni. Najua si jibu ulilokuwa unalitaka, kwa hiyo ngoja nikueleze.

Mimi pia nilikuwa na rafiki wa namna hiyo, na mimi pia nilimwona mwoga. Nilikuwa nimevivaa viatu vyangu wiki mbili, nyumbani na kwenye matembezi ya jioni, nikajiona nimefuzu. Tukaondoka, siku tatu njiani, shanta langu kilo 16. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ukitembea na buti, njia unaiona kwa macho. Ukitembea na viatu hivi unaipapasa kwa nyayo, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Nilikuwa naujua mzizi mzima na mzizi uliooza kabla sijaangalia chini. Tulipofika kwenye bamba la mwamba lenye maji, wenzangu walipita kwa mikono na magoti. Mimi nilipita wima, vidole vimetanuka, vimeshika. Usiku nililala najisifu.

Siku ya pili tukateremka. Mteremko mrefu, ngazi za mawe, saa nne nzima. Mchana nikaanza kuhisi kitu juu ya mguu wa kulia, nyuma ya kidole cha pili, kama kamba ya kiatu iliyokazwa kupita kiasi. Nikainama niilegeze. Kiatu hakikuwa na kamba. Siku ya tatu nilitembelea ubavu wa mguu, nikichechemea, na rafiki yangu hakusema neno. Alilitoa tu hema kwenye shanta langu akalitia kwenye lake. Hilo liliniuma kuliko mguu. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ya pili, wiki tatu baadaye, ilionyesha kiwingu cheupe kimeuzunguka mfupa wa pili: ulikuwa umepata ufa, na mwili ulikuwa umeshaanza kuuziba. Wiki nane sikwenda popote pa maana.

Kiatu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la haraka yangu, na la kutojua mguu umejengwaje. Mguu mmoja una mifupa 26. Mitano kati yake ni ile mirefu inayotoka katikati ya mguu hadi kwenye mashina ya vidole, myembamba kama kalamu. Ukivaa buti ya soli ngumu, soli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya kazi ya kupinda na kutawanya uzito. Ile mifupa inakwenda kama abiria. Ukivaa soli ya milimita chache, abiria wanageuka wapagazi siku hiyo hiyo, nawe umewatwisha kilo 14 za ziada.

Misuli ina mdomo. Ukiichosha leo, kesho inalalamika, unapumzika, inapona na nguvu imeongezeka. Mfupa ni mkimya. Tena una desturi moja mbaya: unapojijenga upya ili ubebe mzigo mpya, huanza kwa kubomoa. Sehemu iliyochoka hung'olewa kwanza, ndipo mpya ijazwe, na kati ya kubomoa na kujaza kuna wiki kadhaa ambazo mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Sasa zihesabu wiki zako tatu. Utafika mlimani paa limeezuliwa na jipya halijapandishwa.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wakimbiaji 36 waliopigwa picha za MRI miguuni, kabla na baada ya wiki 10. Baadhi waliendelea na raba zao za kawaida. Wengine walihamia viatu vya vidole kidogo kidogo, kwa ratiba. Kati ya 19 waliohamia, 10 walionekana wameongezeka uvimbe ndani ya mifupa ya miguu, dalili kwamba mfupa unaelemewa. Kati ya 17 waliobaki na raba zao alikuwa mmoja tu. Na kumbuka, hao walifuata ratiba, na hakuna aliyebeba shanta.

Hiyo misuli ya nyuma ya mguu inayokukaza isikutishe. Viatu vingi tunavyovaa, hata raba, vimeinua kisigino. Ukikishusha ghafla, misuli ile na kano ya kisigino zinavutwa kuliko zilivyozoea. Simama kwenye ngazi, visigino vikining'inia nje, vishushe taratibu kisha vipandishe, mara chache kila siku. Maumivu yakiwa kwenye kano yenyewe, tena asubuhi ukiamka, punguza mwendo.

Kufika kunawezekana, usikate tamaa. Mimi sasa natembea navyo siku nzima nikiwa na shanta la kilo 7. Ilinichukua miezi 11. Nilianza na robo saa kwa siku, mahali tambarare, bila mzigo. Kwanza niliongeza muda, kisha nikaingia kwenye njia mbovu, kisha nikabeba mzigo, na mteremko mrefu niliuweka mwisho kabisa. Sikuongeza vitu viwili kwa wiki moja. Kila jioni nilikuwa nabonyeza ile mifupa mirefu kwa juu, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole gumba cha mkono. Ukisikia uchungu umetanda mguu mzima, huo ni uchovu. Ukisikia umejikusanya mahali padogo pa kuenea ncha ya kidole, weka viatu kabatini, na usipoisha nenda ukaonwe na daktari. Mimi nilipokuwa njiani uchungu wangu ulikuwa wa ncha ya kidole, na niliusugulia dawa ya kuchua.

Kuhusu mwendo, hapa nagombana na vijana wengi wanaovaa viatu hivi. Wamesikia kwamba mtu wa peku hatui kwa kisigino, basi utawaona wanapanda mlima kwa ncha za vidole kama mtu anayenyemelea kuku. Habari hiyo ni ya mbio. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba watu waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa mbele ya mguu au kwa wayo mzima. Kutembea ni jambo jingine. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipima na kukuta kwamba kutembea huku kisigino kimeinuliwa kunakula nguvu zaidi kwa asilimia 53. Kwa hiyo tua kwa kisigino, ila kwa upole, hatua fupi, mguu ushuke karibu na chini ya kiuno chako na si mbele sana. Ukisikia kishindo cha hatua zako mwenyewe, umerefusha mno.

Na kitakachokutesa si mwamba wala tope. Ni kokoto, zile za ncha kali zilizomwagwa kwenye barabara ya magari kabla njia haijaingia msituni. Kilomita mbili za kokoto zinachosha kuliko kilomita kumi za mizizi, kwa sababu kila hatua ni uamuzi. Halafu kuna kidole cha mwisho. Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa wamevaa kiatu chenye kidole kidogo kilichochomoza peke yake pembeni. Mzizi mwembamba uliojikunja kama kitanzi unaingia kati yake na jirani yake, mguu unakwenda mbele, kidole kinabaki nyuma. Utapiga kelele ambayo mwenzako aliye mita mia mbele atageuka. Naandika haya nikikitazama changu, bado kimekaa upande.

Nenda na buti, mpwa wangu. Na usimwambie rafiki yako kwamba nimemuunga mkono, maana watu wa namna hiyo hawasahau.

SWALI: Hujambo Mjomba? Sisi ni wanawake sita tunaotembea pamoja kila mwezi. Buti zangu nazipenda na siziachi. Nataka kitu cha kuvaa tukishafika kambini, na cha kuvukia mito, maana nimechoka na kandambili zinazoniponyoka kwenye maji. Viatu vya vidole vinafaa, au ni mbwembwe tu? (Wa Sita)

JIBU: Sijambo, dada yangu. Kwa mto, sijawahi kuvaa kitu kinachovishinda. Haviponyoki kwa sababu vimeshika kila kidole. Maji yanaingia na kutoka. Soli inajikunja juu ya jiwe badala ya kuteleza juu yake. Wala si ajabu. Robert Fliri alipovibuni, na kampuni ya Vibram ya Italia ilipoviingiza sokoni katikati ya miaka ya 2000, walengwa wa mwanzo walikuwa waendesha mashua za tanga, watu wanaohitaji kushika sitaha iliyolowa. Mambo ya kukimbia yalikuja baadaye. Vua buti kabla ya mto, zining'inize shingoni au juu ya shanta, legeza mkanda wa kiunoni ili ukianguka ulitupe shanta upesi, kisha vuka ukielekea mkondo unakotoka, fimbo mkononi. Ng'ambo ya pili utavaa soksi kavu na buti kavu huku wenzako watano wanakamua zao.

Uzito nao ni mdogo. Pea ya buti zangu ni kilo 1 na gramu 300. Pea ya viatu vya vidole ni gramu 340. Nilivipima kwenye mizani ya jikoni mke wangu akiwa ametoka.

Kambini, mambo ni nusu kwa nusu. Jioni, miguu imevimba baada ya siku nzima ndani ya buti, kuvitandaza vidole kimoja kimoja ni starehe ambayo sijui niielezeje. Ni kama kufungua dirisha. Unakwenda kuchota maji, unakusanya kuni, unafunga kamba za hema, na udongo unausikia. Lakini saa nane ya usiku, mvua inapiga hema na kibofu kimejaa, utavichukia. Vidole vyenye unyevu havitelezi, vinanata. Kidole gumba kinaingia kwake, cha pili kinaingia kwake, cha tatu na cha nne vinajibanza chumba kimoja kama watoto wanaoogopa radi, na cha mwisho kimejikunja nje. Unavua, unaanza tena, na mwanga wa kichwani unawaamsha wenzako. Njia niliyoizoea ni hii: futa vidole vikauke, kunja kisigino cha kiatu, peleka kidole gumba kwanza, halafu vingine kwa mpangilio ukivisaidia kwa mkono, cha mwisho kivute kando kwa nguvu kidogo, ndipo upandishe kisigino. Mchana inanichukua nusu dakika kwa kila mguu. Usiku nachomeka miguu kwenye buti bila kufunga kamba nakwenda zangu.

Kuna mengine matatu usiyoyauliza. Baridi: vidole vilivyotenganishwa havipashani joto, kama ambavyo glovu ya vidole inapitisha baridi kuliko ile ya mfuko mmoja, na soksi za kawaida hazivaliki humo, utahitaji soksi zenye vidole, mfano zile za kampuni ya Injinji, na uhakikishe kiatu kina nafasi yake. Moto: cheche moja inatoboa kitambaa cha juu na kukifikia kidole kabla hujajua, kwa hiyo usikae umenyoosha miguu kwenye kaa kama mimi nilivyofanya. Na asubuhi, kiatu cha kawaida unakikung'uta mara moja kumtoa nge au buibui. Hiki kina vyumba vitano. Kung'uta, kisha minya kila kidole kwa nje kabla hujaingiza chako.

Ila kama shida yako ni kandambili kukuponyoka tu, ndala yenye mkanda wa nyuma ya kisigino itakutosha na itavaliwa na soksi. Sitaki kukuuzia kitu.

SWALI: Mjomba, kidole changu cha pili cha mguu kimekizidi kirefu kidole gumba. Nimejaribu viatu vya vidole vya ndugu yangu, kidole gumba kinaogelea na cha pili kimebanwa. Na huyo ndugu ana rafiki ambaye vidole vyake viwili vimeungana kwa ngozi. Kuna namna? (Kidole Kirefu)

JIBU: Hiyo ya kidole cha pili ni maumbile ya watu wengi, wala si kasoro. Pima kuanzia kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, hicho cha pili, jioni, umesimama, miguu yote miwili, na ufuate mguu mkubwa. Kidole gumba kikiwa na nafasi kidogo mbele si tatizo. Kidole kinachogusa mwisho ni tatizo, hata kama dukani hakiumi: ukiteremka mlima saa moja kitagonga mara elfu kadhaa, na ukucha utakuwa mweusi. Ukiona namba inayokitosha kidole cha pili inauacha mguu wote unacheza, achana navyo.

Wa vidole vilivyoungana asilazimishe. Viko viatu bapa vyepesi, soli nyembamba, mbele vipana kama umbo la mguu wenyewe, visivyo na vyumba. Karibu kila sifa niliyoitoa hapo juu vinayo, na vinavaliwa gizani.

SWALI: Mjomba, kwa heshima zote: vinanuka. Mke wangu amevitoa nje ya hema mara mbili. Nifanyeje? (Mwenye Aibu)

JIBU: Mke wako ana haki, na wangu pia alikuwa nayo. Kwenye kiatu cha kawaida soksi ndiyo inayobeba jasho, na soksi unaifua. Hapa ngozi inagusa kiatu moja kwa moja, tena katikati ya vidole, mahali penye joto na unyevu ambapo vijidudu vinastawi kwa kula jasho na ngozi iliyokufa. Dawa ni moja: uvioshe kila ukirudi, usingoje vinuke. Sabuni, maji ya uvuguvugu, mswaki wa zamani ndani ya kila kidole, suuza hadi maji yatoke meupe, kisha vianike kivulini penye upepo. Usivikaushe motoni, gundi inaachia na mpira unakakamaa. Safari ikiwa ndefu, suuza mtoni kila jioni na uvivae vikiwa vimekauka, au uvivalie soksi za vidole.

Na chungulia kati ya kidole cha nne na cha tano. Ngozi ikiwa nyeupe, imelainika, inachanika na kuwasha, hiyo ni fangasi, na mswaki hautoshi. Pata dawa ya kupaka na uitumie hadi mwisho, hata kama kuwasha kumekwisha siku ya tatu.

SWALI: Salamu Mjomba. Mume wangu ana miaka 61 na amesoma kila kitu kuhusu kutembea peku. Anasema binadamu aliumbwa bila viatu, buti ni ulaghai wa wafanyabiashara, na viatu vya vidole vinaponya mgongo na magoti. Amekwisha nunua, namba 43, na anataka kuvivaa kila siku na kwenye safari zetu zote za kambi. Tunabishana hadi usiku. Ana kisukari, huu ni mwaka wa tisa. (Mke wa Mbishi)

JIBU: Dada yangu, sentensi yako ya mwisho ilipaswa kuwa ya kwanza. Nitaifikia. Kwanza niwaamue, maana najua atakuwa amesimama nyuma yako anasoma.

Kwamba binadamu aliumbwa bila viatu, sina la kupinga. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka 1993 huko Leadville, Marekani, mshindi wa mbio za maili 100 milimani alikuwa Victoriano Churro, mtu wa kabila la Rarámuri la Meksiko mwenye miaka 55, akiwa na kandambili za mpira wa tairi. Lakini miguu ya watu hao ilianza kazi hiyo utotoni, wala haikuanza kwa kusoma ikiwa na miaka 61. Na huyo huyo Bikila, aliporudi kushinda tena Tokyo mwaka 1964, alivaa viatu, na akakimbia kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mwache mumeo alitafakari hilo.

Buti kuwa ulaghai: soli ya mpira yenye meno, ile iliyo chini ya buti nyingi za mlimani, ilitokana na msiba. Mwaka 1935 wapanda milima sita walikufa kwenye Milima ya Alps ya Italia, na viatu visivyofaa vilitajwa kuwa sehemu ya sababu. Vitale Bramani alikuwapo kwenye safari ile. Miaka miwili baadaye alitoa soli yake, na jina la Vibram limetokana na jina lake. Kwa hiyo kampuni iliyoiuzia dunia viatu vya vidole ndiyo hiyo hiyo iliyoiuzia soli ya buti. Hawaoni ugomvi kati ya vitu hivyo viwili, nami siuoni.

Kwamba vinaponya: mwaka 2012 wateja nchini Marekani waliishtaki kampuni hiyo kwa madai kwamba ilitangaza faida za kiafya bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi, huku ikikana kwamba ilikosea. Magoti yangu yanajisikia vizuri zaidi, nakiri. Lakini pia nimeacha kubeba kilo 16, na sijui nimpe nani shukrani.

Sasa kisukari. Kaka, hili nakwambia wewe moja kwa moja. Uzuri wote wa kiatu hiki ni kuhisi. Kijiwe kinakuchoma, mguu unakwepa kabla hujafikiri. Kisukari cha miaka mingi huweza kuua hisia za nyayo polepole, bila maumivu, hata mwenyewe usijue kwamba umepoteza kitu. Hapo soli ya milimita chache inapitisha mwiba na habari haifiki. Unatembea nao hadi jioni. Kidonda cha mguu wa mwenye kisukari hukawia kupona, huingia vijidudu, na kuna waliokatwa mguu kwa jeraha lililoanza dogo kama punje. Hivyo vyumba vitano vinavyotunza unyevu kati ya vidole navyo havikusaidii.

Mwombe daktari akupime hisia za nyayo. Ni kipimo cha dakika chache: anakugusa kwa uzi mwembamba wa plastiki sehemu mbalimbali za wayo huku umefumba macho, nawe unasema unapouhisi. Aangalie na mapigo ya damu miguuni. Hata hisia zikiwa nzima, uamuzi wa kuvaa viatu hivi uwe wa huyo aliyekupima, si wangu wala wa uliyoyasoma. Mpaka hapo, kambini vaa kiatu kilichofunika, chenye soli nene na nafasi ya vidole, pamoja na soksi. Usitoke hemani peku hata hatua tatu. Pitisha mkono ndani ya kiatu kabla hujakivaa. Na usiote moto kwa miguu, kwa sababu unaweza kuungua usijue. Wewe dada, kila jioni mwangazie taa nyayo zake na katikati ya vidole, au mpe kioo kidogo cha kuweka chini ajitazame mwenyewe. Malengelenge, ufa, wekundu, sehemu yenye joto kuliko nyingine: msisubiri safari iishe.

Na hivyo viatu alivyonunua, asivitupe kwa hasira. Umesema namba 43. Mimi navaa 43.